Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Misaada ya Makazi: Mpangaji Naye Amepoteza Nyumba

Kwa:
Waratibu wa misaada ya makazi na ulinzi,
Wakuu wa mashirika ya misaada pamoja na wafadhili wao,
Viongozi wa halmashauri za miji iliyokumbwa na majanga.

YAH: WAPANGAJI KUACHWA NJE YA MISAADA YA MAKAZI BAADA YA MAJANGA YA MIJINI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia hadharani kwa sababu kwa faragha nimeshaandika. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na muhuri huo ndio jibu pekee nililolipata. Ya pili nilijibiwa kwamba suala langu linafanyiwa kazi. Ya tatu niliambiwa niipeleke kitengo kingine, na kitengo hicho kikanirudisha nilikotoka. Ofisi hizo sizitaji. Sina ugomvi na mtu mmoja mmoja, na watu wa miji mingine niliozungumza nao wamepigwa danadana za aina hiyohiyo.

Nilikuwa mwandikishaji wa kujitolea wa waathirika wa janga mjini. Kazi yangu ilikuwa kupita kifusi kwa kifusi, nikiwa na simu yenye fomu ya usajili. Swali la sita liliuliza: "Je, wewe ni mmiliki wa jengo?" Ukibonyeza "hapana", fomu inaruka maswali yote ya kuta, paa na gharama za ukarabati, inatua kwenye saini. Kumsajili mmiliki kulichukua dakika 20. Mpangaji alimalizika kwa dakika 3.

Jengo moja la ghorofa nne nililoliandikisha lilikuwa na mmiliki mmoja, ambaye mwenyewe anaishi mtaa usioguswa kabisa, na kaya 14 zilizokuwa zikilala humo. Mmiliki aliingia kwenye orodha ya ukarabati. Zile kaya 14 zilipewa turubai moja moja. Mama mmoja aliyekuwa amepanga chumba humo kwa miaka 11 aliniuliza, "Mwanangu, sasa mimi umeniandika wapi?" Nikamwonyesha skrini. Jina lake halikuwepo. Alikuwa tarakimu tu ndani ya kisanduku kilichoandikwa "wakaaji wengine", chini ya jina la mwenye nyumba wake.

Mimi pia ni mpangaji, na swali lile nimeshindwa kulala nalo.

Manung'uniko yangu nayapanga kwa namba, lakini yote yana mzizi mmoja. Msaada wa makazi mjini hufuata jengo na hati ya jengo, ilhali aliyepoteza makazi ni mtu aliyekuwa akilala humo. Mjini watu hao wawili, mwenye jengo na mwenye kulala ndani, mara nyingi si mtu mmoja.

1. Mnahesabu majengo, hamhesabu waliolala ndani yake

Baada ya tetemeko lililoipiga Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, tarehe 12 Januari 2010, wahandisi walikagua majengo takriban 400,000 na kuyapaka alama: kijani kwa lililo salama, njano kwa linaloweza kutengenezwa, nyekundu kwa lisilofaa kuingiwa. Ilikuwa kazi kubwa na ya maana. Lakini rangi ile ilieleza habari za ukuta tu. Haikueleza ndani ya jengo la njano kulikuwa na kaya ngapi, nani alimlipa nani kodi, wala kama mwenye jengo akishalitengeneza atawarudisha waliokuwemo au atawatafuta wengine wenye fedha zaidi. Kufikia katikati ya mwaka ule watu wapatao milioni 1.5 walikuwa wakiishi kambini, na wengi wao kabla ya tetemeko walikuwa wapangaji. Mtu kama huyo hata jengo lake likipakwa kijani hana pa kurudi. Kipato kimekatika, kodi hana, na chumba pengine kimeshapewa mwingine.

Halafu mjini watu hawakai kama fomu inavyodhani. Chumba kimoja kina mpangaji, na mpangaji huyo ana mpangaji wake nyuma ya pazia. Wapo vijana wawili wanaotumia godoro moja kwa zamu, huyu anayefanya kazi usiku na yule wa mchana. Yupo msaidizi wa kazi za ndani aliyekuwa akilala jikoni kwa mwajiri wake. Mwajiri akiondoka kwenda kwa ndugu zake, yeye kwa siku moja anakosa kazi, anakosa pa kulala, na hakuna atakayemtaja jina mbele ya mwandikishaji. Yupo mgeni asiye na kibali cha kuishi nchini ambaye akiona fulana ya shirika anajificha, kwa kuwa hajui kama orodha yenu haitaishia polisi. Hawa ndio wanaojaa kwenye kile kisanduku cha "wakaaji wengine".

Tena haikulazimu iwe hivyo. Tetemeko la tarehe 19 Septemba 1985 lilipobomoa katikati ya jiji la Mexico, wengi wa waathirika wa pale walikuwa wapangaji wa nyumba kuukuu, familia nyingi zikitumia ua mmoja. Walikataa kupelekwa pembezoni. Walijipanga mtaa kwa mtaa, wakaandamana, wakakaa kwenye mabanda ya muda karibu na vifusi vyao. Mwezi uliofuata serikali ikatwaa maelfu ya viwanja vyenye majengo yaliyoharibika, na katika muda wa miaka 2 hivi zikajengwa nyumba zaidi ya 40,000 katika mitaa hiyohiyo, wakauziwa kwa masharti nafuu watu waliokuwa wapangaji. Sidai kwamba kila serikali inaweza kutwaa ardhi kwa kiasi hicho. Ninachosema ni kwamba mpangaji aliwekwa mbele kama mlengwa, na kazi ikaenda.

Linganisheni na New Orleans, Marekani, baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005. Mpango mkuu wa fedha za kujenga upya uliwalenga wenye nyumba. Desemba 2007 baraza la mji likapiga kura kubomoa nyumba za umma zipatazo 4,500, ambazo nyingi zilikuwa bado zimesimama. Wapangaji wake wengi walikuwa bado wametawanyika miji mingine wakisubiri kuambiwa warudi lini.

2. Mnadai karatasi iliyo chini ya kifusi

Mwathirika anapofika mezani kwenu huulizwa hati ya nyumba, au mkataba wa pango, au kitambulisho chenye anwani. Kitambulisho kiko chini ya kifusi. Mkataba haukuwahi kuandikwa, kwa sababu wapangaji wengi wa vyumba hupanga kwa mdomo: unalipa, unapewa ufunguo, basi. Nepal, baada ya tetemeko la Aprili 2015, ruzuku ya kujenga upya ilifungwa kwenye uthibitisho wa umiliki wa ardhi, na wasio na hati wakakwama, wakiwemo watu ambao familia zao zilikuwa zimekaa mahali pale vizazi kadhaa.

Waheshimiwa, nyinyi mnazijua sheria hizi kuliko mimi, ila niruhusuni nizikumbushe. Kanuni za Mwongozo za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani, kanuni ya 20, zinawataka wenye mamlaka kuwapa waliohama vitambulisho na nyaraka zilizopotea bila kuwawekea masharti yasiyo ya haki, mathalani kuwataka kwanza warudi walikotoka. Kanuni hiyohiyo inampa mwanamke haki ya nyaraka kwa jina lake mwenyewe. Na kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za kiuchumi na kijamii ilikwisha kueleza mwaka 1991, katika Maoni ya Jumla Na. 4, kwamba usalama wa makazi hauishii kwenye umiliki. Unahusu pia kupanga, nyumba za ushirika, na hata makazi yasiyo rasmi. Kwa hiyo swali la sita la fomu yenu lina umri mdogo kuliko jibu lake.

Uthibitisho upo kwa anayeutafuta. Majirani wanajuana. Ipo risiti ya maji au umeme, ipo rekodi ya shule ya mtoto, upo ujumbe wa simu wa kumtumia mwenye nyumba kodi ya mwezi. Nilishuhudia wapangaji wa jengo lile wakikaa chini wenyewe na kuchora kwenye kipande cha boksi nani alikuwa chumba gani, ghorofa kwa ghorofa. Walibishana juu ya chumba kimoja tu. Mchoro ule ulikuwa sahihi kuliko orodha niliyokuwa nayo, na mfumo wenu haukuwa na mahali pa kuupokea.

3. Turubai halina pa kufungwa

Turubai la kawaida la misaada lina mita 4 kwa 6. Kijijini mtu huenda akapata nguzo na uwanja. Mpangaji wa ghorofa ya pili atalifunga wapi? Barabara ni lami, vigingi haviingii, na uchochoro umejaa zege lililovunjika. Mengi niliyoyaona yalikuwa yamekunjwa vilevile yalivyotoka kwenye gari, yametandikwa chini watu wakayalalia.

Mnapotaka kuleta hema, eneo linakosekana. Kitabu cha viwango cha Sphere, kinachofuatwa na mashirika ya misaada duniani, kinataka mtu apate angalau mita 3.5 za mraba ndani ya makazi, na kambi nzima ikipimwa, mita 45 za mraba kwa kila mtu ukihesabu njia, vyoo, maji na huduma nyingine. Katikati ya mji hakuna nafasi hiyo, kwa hiyo kambi hupelekwa nje ya mji. Huko anayeishi kwa kibarua cha siku au biashara ya mkononi hutumia kipato chake kwenye nauli. Baada ya wiki mbili tatu anarudi mjini kulala kwenye kibaraza cha mtu, nanyi mnaandika kwenye taarifa kwamba kaya hiyo imeondoka kambini kwa hiari.

Fedha za kodi zina maana zaidi kwa mpangaji kuliko kitambaa. Haiti ilifika huko baadaye: katika mpango wa kufunga kambi 6 na kukarabati mitaa 16, familia zilipewa takriban dola 500 za Marekani kulipia pango la mwaka mmoja katika nyumba zilizokaguliwa. Waliopinga kwamba mwaka mmoja hautoshi walikuwa na haki. Lakini walau mtu alichagua mtaa wake mwenyewe, na mwandikishaji alilazimika kumwuliza alitaka kwenda wapi.

Upo pia utaratibu uliotumika Jordan na Lebanon kwa wakimbizi wa Syria. Shirika linamalizia au kutengeneza nyumba ya mtu, naye kwa mkataba wa maandishi anamkaribisha mpangaji bila kodi kwa muda waliokubaliana, mara nyingi mwaka au zaidi. Mwenye nyumba anabaki na nyumba bora, mpangaji anapata paa na muda wa kujipanga. Utaratibu huu ungelifaa kabisa lile jengo la ghorofa nne. Badala yake mmiliki aliidhinishiwa vifaa vya ukarabati bila sharti lolote kuhusu zile kaya 14. Nilipouliza kwa nini, nilijibiwa kwamba mikataba ya pango ni jambo binafsi baina ya watu wawili. Lakini saruji iliyotolewa kwa jina la waathirika haikuwa jambo binafsi.

4. Ulinzi mmeufanya kuwa dawati

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia wakati sisi tunajaza fomu.

Tangu mageuzi ya mwaka 2005 ya mfumo wa misaada wa Umoja wa Mataifa, mwitikio wa kibinadamu umegawanywa kwa sekta. Makazi yana meza yake, ulinzi, yaani kuwakinga waathirika na ukatili na unyanyasaji, una meza yake, maji na vyoo meza nyingine. Kwa uratibu wa vifaa mpango huo una faida. Kwa msichana anayekwenda chooni saa tano usiku, mpango huo una maana moja: kila meza inadhani taa ni kazi ya meza ya pili.

Katika kituo kimoja cha muda nilihesabu milango ya vyoo isiyo na komeo upande wa ndani. Ilikuwa mingi kuliko yenye komeo. Nilipeleka taarifa kwa watu wa makazi, wakanielekeza kwa watu wa vyoo. Watu wa vyoo wakasema usalama wa wanawake ni suala la ulinzi. Watu wa ulinzi, waliokuwa wawili kwa mji mzima, wakaniambia kwa masikitiko ya kweli kwamba wao hawana bajeti ya makomeo. Wiki ile ilikwisha hivyo. Komeo ni kitu ambacho fundi mmoja angefunga kwa dakika 10.

Viwango mnavyo. Choo kisizidi watu 20, kisiwe zaidi ya mita 50 kutoka anapolala mtu, kiwe na taa na kifungwe kwa ndani, na vyoo vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume, vitatu kwa kimoja. Kambi za Port-au-Prince zilituonyesha yanayotokea viwango hivyo vinapobaki kwenye karatasi. Wanawake na wasichana walibakwa kwenye mahema yasiyofungika na kwenye njia zisizo na taa, na habari hizo ziliandikwa na kuchapishwa ndani ya mwaka uleule. Hakuna mji unaoweza kudai leo kwamba haukujua.

Kuna hatari nyingine ambayo mpangaji mwanamke huikuta na ambayo kwenye fomu haina kisanduku. Vyumba vinapopungua ghafla, mwenye chumba hupata nguvu kubwa mno. Kodi inapanda, malipo ya miezi mingi yanadaiwa kwa mkupuo, na asiye na fedha huombwa kitu kingine. Sote tunaijua rushwa ya ngono. Umoja wa Mataifa ulitoa waraka mwaka 2003 unaowakataza watumishi wake kubadilisha msaada, fedha au ajira kwa ngono, na kufanya ngono na yeyote aliye chini ya miaka 18, na mashirika mengi yana kanuni zinazofanana na huo. Ni waraka mzuri. Lakini mtu anayeandika orodha ya mtaa si mtumishi wenu, na mwenye nyumba mnayempa vifaa si mtumishi wenu. Wanatumia msaada wenu kama mtaji, na mwathirika hana pa kuwashitakia.

Nalo sanduku la malalamiko nililiona. Lilikuwa limetundikwa ndani ya ofisi ya yuleyule mwandika orodha.

5. Wazee mnawahamisha peke yao

Hili ni fupi, lakini linaniuma. Kobe, Japani, baada ya tetemeko la tarehe 17 Januari 1995, wazee na wenye ulemavu walipewa kipaumbele katika bahati nasibu ya kugawa nyumba za muda. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake watu dhaifu kuliko wote walipelekwa mbali na mitaa yao, kila mmoja na chumba chake, katikati ya wasiowajua. Katika miaka iliyofuata zaidi ya watu 200 walifia peke yao ndani ya nyumba hizo, na baadhi hawakugunduliwa upesi. Japani ilijifunza: baada ya tetemeko la Chuetsu mwaka 2004 zilifanyika juhudi za kuhamisha majirani pamoja. Fomu niliyokuwa nayo haikuuliza popote: "Ungependa kuhamia karibu na nani?"

6. Kufukuzwa huja mara ya pili

Janga humfukuza mpangaji mara moja. Mara ya pili anafukuzwa na binadamu. Shule iliyowapokea inatakiwa ifunguliwe, uwanja una mwenyewe, jengo limetangazwa hatari, na asubuhi moja watu wanaamriwa waondoke kabla ya jioni. Haiti ilishuhudia hayo kambi baada ya kambi, kwa kuwa nyingi zilikuwa kwenye ardhi ya watu binafsi.

Na jengo linapotangazwa hatari, wakati mwingine hatari hiyo humfaa mtu. Mpangaji wa siku nyingi anatolewa kwa sababu za usalama, jengo linajengwa upya, kodi inarudi mara mbili. Baada ya mlipuko wa bandari ya Beirut wa tarehe 4 Agosti 2020, uliowaacha watu wanaokadiriwa 300,000 bila makazi, hofu hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka uleule Lebanon ilipitisha sheria ya kuzuia kwa miaka 2 mauzo ya mali katika maeneo yaliyoharibiwa. Sheria hiyo haikumaliza kila tatizo, lakini ilitambua kwamba wanunuzi huja na hundi wakati kifusi hakijazolewa. Halmashauri ngapi zina kifungu kama hicho tayari, kabla janga halijafika?

Najua mtakayojibu, kwa sababu mengine nimeshajibiwa.

Mtasema dharura haina muda wa kuuliza nani alilala wapi. Lakini muda wa kumwuliza mmiliki maswali ya paa mliupata. Swali la mpangaji likiwekwa kwenye fomu ileile halitaongeza hata dakika 5. Aidha, kaya iliyokosewa mwanzoni hurudi mezani mara nne kulalamika, na muda huo hamuuhesabu.

Mtasema watu watadanganya, kila mtu atajiita mpangaji. Wapo watakaodanganya. Hata wamiliki wapo waliodanganya, na hamkufuta msaada wa wamiliki. Mliwatumia wakaguzi. Watumieni majirani kuhakiki wapangaji, nao watawashangaza kwa ukali wao.

Mtasema mpangaji hakupoteza mali isiyohamishika, atapanga kwingine. Atapanga kwa fedha zipi? Amana yake iko kwa mwenye nyumba wa zamani, vyombo vyake viko chini ya zege, kazi yake ilikuwa mtaa uleule, na vyumba vilivyobaki vimepanda bei kwa sababu mji mzima unavitafuta.

Mtasema sheria za ardhi na pango ni za serikali, nyinyi ni watoa misaada tu. Serikali nayo itasema misaada ni ya mashirika. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia nyote kwa pamoja, ili kila mmoja aisome mbele ya mwenzake.

Jibu la fedha kutotosha nalipokea. Hazitoshi kamwe. Ila nakumbusha kwamba mwaka 2016, katika makubaliano ya Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia mwaka 2020 asilimia 25 ya fedha za kibinadamu zingefika kwa wenyeji kwa njia ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Lengo hilo halikufikiwa. Vyama vya wapangaji, vikundi vya akina mama wa mtaa na kamati za majengo vingefanya kazi ya uhakiki kwa gharama ndogo kuliko timu inayoletwa kwa ndege. Havikupewa nafasi.

Ninayoomba ni haya.

Swali la umiliki liondolewe mlangoni. Usajili uanze na swali la nani alilala hapa usiku wa kuamkia janga, kila mtu mzima kwa jina lake, mwanamke asifichwe chini ya jina la mume wala mpangaji chini ya jina la mwenye nyumba. Maneno ya majirani yakubalike kama uthibitisho, kwa maandishi, katika mwongozo wa kila shirika.

Asipewe mmiliki yeyote wa nyumba ya kupangisha vifaa au fedha za ukarabati pasipo mkataba unaowarudisha wapangaji wake kwa kodi ya zamani, kwa muda utakaotajwa. Nakala ya mkataba huo apewe mpangaji mkononi.

Kila bajeti ya makazi itenge fungu la taa, makomeo na vitasa, na fungu hilo liwe chini ya mtu mmoja mwenye jina na nambari ya simu inayopokelewa. Malalamiko yapokelewe na mtu asiyehusika na kuandika orodha, na kwa makosa ya ngono mlalamikaji ahudumiwe na mwanamke aliyefundishwa, mahali pa faragha.

Kuhamisha watu kufanyike kwa makundi ya majirani, kwa hiari yao. Na halmashauri zitangaze sasa, kabla ya janga linalofuata, kwamba hakuna atakayeondolewa mahali pa hifadhi bila notisi ya maandishi, bila kushauriwa, na bila kuonyeshwa anakokwenda. Maoni ya Jumla Na. 7 ya mwaka 1997, ya kamati ileile ya Umoja wa Mataifa, yalishatamka masharti ya namna hii. Sijaomba jambo jipya.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 30, hoja kwa hoja. Panapokuwa na jibu la "haiwezekani", naomba liandikwe hivyo na sababu yake, ili watu wajue wasimame wapi.

Mwisho, ninalo daftari. Baada ya siku ile ya jengo la ghorofa nne nilianza kuandika kwa mkono kila kaya ambayo fomu iliikataa: waliokuwa wakilala humo, chumba walichokuwa wakikaa, na jirani anayeweza kuwashuhudia. Sitalichapisha, kwa kuwa majina hayo ni ya watu na baadhi yao wana sababu za kujificha. Nitalikabidhi, kwa ridhaa yao, kwa ofisi itakayokuja kusaini kwamba imelipokea na kwamba itawasajili. Yule mama wa chumba cha ghorofa ya pili ameniuliza tena juzi.

Wenu katika kazi hii,

Aliyekuwa mwandikishaji wa kujitolea, na mpangaji